Kwa Mama Dobi, Aliyewatundikia Picha Waliochoka

Mwaka umetimia, Mama, tangu uende ukatuachia picha ukutani na uzi wako umefungwa kwenye misumari miwili, mmoja karibu na mlango na mwingine karibu na dirisha. Wengi wakitoa kumbukumbu kama hii husema wanaendelea vizuri na wameyapokea. Sisi hatuwezi kukudanganya, maana ulikuwa unatujua kwa kusikia tu hatua zetu mlangoni. Tumechoka. Tumechoka ile choka uliyoiita ya Jumamosi, mashati ya watu yote yakiwa yamenyooka na mpiga pasi mwenyewe akiwa amekunjamana.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu wajukuu zako wameanza kulisimulia jumba lako la sanaa kana kwamba lilishuka kutoka mbinguni na taa zake. Halikushuka. Lilikuwa duka la dobi. Lilikuwa na meza mbili za kupigia pasi, karo la kufulia kule nyuma, kamba za nguo zilizopita juu ya vichwa vya watu, na benchi moja ambalo Baba alilitengeneza kwa mabaki ya mbao zake za fremu ili wateja wakae wakisubiri. Harufu ya wanga ingali ndani ya kuta. Siku za joto hutoka yenyewe, na wageni hudhani ni rangi mpya.

Huyo mchoraji tunayemwita Mzee Rangi hakuwa mzee wakati ule. Alikuwa kijana mwembamba mwenye shati moja la maana, na kila alipolileta lilikuwa na madoa yasiyosikia sabuni. Siku moja ya mvua alikuja bila shati, amekumbatia picha kubwa, amelowa chepechepe.

"Dada, niwekee hii. Chumba changu kinavuja, nisije nikakuta imelowa."

"Imeshalowa."

"Hiyo ni rangi haijakauka."

"Kaka yangu, mimi ni dobi. Kilicholowa nakijua."

Ukaibana kwenye kamba kwa vibanio, katikati ya mashuka, ikakaa hapo hadi ikakauka. Mwenyewe hakurudi upesi. Picha ikawa inakugonga kichwani kila ukipita, ukamwomba Baba aipigie msumari ukutani. Baba akanyanyua mkono juu kama mtu yeyote anavyofanya akitaka kutundika kitu.

"Shusha," ukamwambia.

"Nishushe mpaka wapi?"

"Mpaka ninapokaa. Nimesimama tangu alfajiri kwa ajili ya mashati ya watu. Picha nitaitazama nimekaa."

Baba akapiga msumari pale uliponyoosha kidole. Jumba la sanaa lilianzia hapo, kwenye msumari uliopigwa chini kwa sababu miguu yako ilikuwa inauma. Wataalamu wakija kuuliza lilianza vipi, huwa tunawaeleza hivyo hivyo, nao huandika kitu kingine.

Wateja wakaanza kukaa muda mrefu kuliko nguo zilivyohitaji. Mwingine aliitwa jina mara mbili, shati lake limeshakunjwa, naye bado amekodolea macho ukuta. Mzee Rangi aliporudi na kukuta watu wamekaa kimya mbele ya picha yake, alisema mvuke wa pasi umemwingia machoni. Ukamwambia pasi imezimwa tangu adhuhuri. Kesho yake akaleta picha mbili na rafiki mmoja, rafiki naye akaleta za kwake. Kamba zikapungua, picha zikaongezeka. Meza za pasi zikawa za kuwekea vinyago vya vyuma chakavu. Mwisho karo la kufulia likawekewa televisheni tatu kuukuu zinazoonyesha bahari isiyokuwepo, na wewe ukasema sawa, mradi mwenye kazi ataelewa kwamba mfereji ule bado unatoa maji.

Lakini mtaa haukukubali jina lile la heshima ulilobandika mlangoni. Mpaka leo ni "kwa Dobi". Unakumbuka yule msanii aliyetundika mashati makuukuu chumba kizima na kuyaita kwa jina refu kuhusu kutokuwepo? Mteja wako wa zamani akaingia, akayatazama kwa makini, akachomoa moja, akasema, "Hatimaye!" akaondoka nalo. Msanii alilia. Wewe ulimwambia ashukuru, kwani ndiyo kazi yake ya kwanza kuvaliwa.

Tunacheka tukiandika haya, halafu tunanyamaza, kwa sababu tunafika kwenye lile swali lako.

Kabla ya kila maonyesho ulikuwa unatukusanya katikati ya chumba kitupu, kuta zimepakwa chokaa upya, na kuuliza: "Leo nani amechoka kuliko wote?" Hapo ndipo kila mtu alipopewa nafasi ya kulalamika bila kukatizwa. Ulisikiliza kama hakimu. Aliyeshinda alikalishwa kwenye benchi na kuambiwa, "Tazama mbele. Usijinyooshe." Ukavuta uzi wa kushonea usawa wa macho yake, kutoka mlangoni hadi dirishani, na picha zote zikatundikwa kufuata uzi ule. Hukuwahi kukubali kipimo kingine. Ulisema mwenye nguvu ataona tu hata ukimning'inizia picha juu ya mti, lakini aliyechoka asilazimishwe kuinua shingo.

Kwa hiyo historia ya jumba hili, Mama, haimo vitabuni. Imo kwenye matundu ya misumari. Pale chini kabisa ni mwaka ambao mdogo wetu wa mwisho, Kibanio wetu aliyekuwa haachii gauni lako, alirudi kutoka shule siku ya kwanza akiwa amelia asubuhi nzima. Ulipouliza swali akanyoosha mkono kama alivyofundishwa siku hiyo hiyo. "Mimi, mwalimu." Picha zikashuka hadi usawa wa meza, na waheshimiwa waliokuja ufunguzi wakachuchumaa na suti zao. Mzee Rangi alikasirika kweli kweli.

"Mama Dobi, kazi zangu zinatazamwa na magoti ya watu!"

"Mtaka cha mvunguni huinama," ukamjibu, ukampelekea kigoda.

Juu kidogo ni matundu ya Kaka, alipoanza ualimu na kurudi kila siku sauti imekauka. Pembeni yake ni ya yule mlinzi wa jengo la jirani, aliyeingia kuomba maji akitoka zamu na ukamkalisha yeye badala yetu. Alirudi kila siku mpaka maonyesho yakaisha, akileta wenzake na kuwaonyesha "zile picha zangu". Na kuna mstari unaoshuka polepole, maonyesho baada ya maonyesho, ambao ni mgongo wa Baba ukipinda.

Dada Mkubwa hana tundu hata moja. Yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili ya uzi tangu alipoweza kuufikia msumari. Ulipomuuliza kama amechoka, alijibu, "Mimi mzima," na wewe ukampita ukaenda kwa mwingine. Hatukulaumu. Nawe ulikuwa hivyo hivyo. Mliokuwa mmesimama siku zote mlikuwa wawili.

Kisha yakaja maonyesho yale ya mwisho. Ulituuliza kama kawaida, nasi tukajibu kwa mzaha kama kawaida. Kaka akasema ni yeye, amesahihisha madaftari mpaka ameanza kukosea tahajia ya jina lake. Kibanio, ambaye sasa ni muuguzi, akasema wodi imemmaliza, hata viatu vyake vinaomba likizo. Ukatusikiliza wote. Halafu ukatembea taratibu hadi kwenye benchi, ukakaa, ukaweka mikono mapajani.

"Leo nadhani ni mimi," ukasema.

Tulicheka, Mama. Tulidhani umetushinda kwa ujanja. Baba peke yake hakucheka. Dada akavuta uzi kwenye usawa wa macho yako, ukamwambia aukaze vizuri, usilegee katikati. Picha zile zilikuwa bado ukutani tulipotoka kukuzika.

Tangu hapo ni Dada aliyefungua mlango huu. Wasanii walipokuja kuchukua picha zao, alizitoa moja moja kwa chini, bila kuugusa uzi. Maonyesho mengine yakaja, akayatundika kwenye misumari ile ile.

"Mstari ni wa Mama," alisema, na hakuna aliyembishia. Nani angembishia? Hakuna aliyeuliza tena swali lako pia. Kuliuliza kulimaanisha mtu mwingine akae, na mtu mwingine akikaa, uzi wako lazima utolewe. Basi tukauacha, tukauzunguka, tukaufuta vumbi. Tulidhani huko ndiko kukuenzi.

Lakini kazi za sanaa hazina ukubwa mmoja, wewe unajua. Mpiga picha mmoja alikubali kupunguza zake zienee kati ya misumari. Mwingine alileta vitambaa virefu, akaambiwa avikunje, akavikunja hadi ndani ya gari lake na hakurudi. Yule wa televisheni alisema atatusubiri tumalize msiba. Wasanii wakapungua, miezi ikawa mirefu. Watu wa mtaa waliendelea kuja kukaa, wengine wakitazama picha zile zile kwa mara ya kumi, wengine wakipumzisha mizigo tu, na Dada akawafungulia na kuwafungia. Asubuhi anaandaa watoto wake, anakuja kupiga deki, anapiga magoti chini ya uzi kurekebisha fremu, jioni anapita kumtazama Baba, na nyumbani anamkuta mumewe amempikia chakula asichokuwa na nguvu ya kukila. Alikonda. Alikuwa hoi bin taabani na bado ukimuuliza ni "mimi mzima".

Kaka alimwambia siku moja, kwa nia njema lakini bila akili, "Jikaze kisabuni, Dada."

"Sabuni nayo huisha," Dada akamjibu, akaendelea kufagia.

Baadaye akatutamkia. Alitusubiri tukae mezani kwa Baba, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi: "Mwaka wa Mama ukitimia, nafunga. Siwezi tena." Alikuwa ameshanunua kufuli, jipya, zito, akaliweka mezani kati ya vikombe. Hatukubisha. Kusema kweli tulishusha pumzi, kila mmoja kwa aibu yake. Baba alilitazama lile kufuli, akaligeuza upande wa pili, akalirudisha palepale.

Wiki iliyopita akaja Binti wa Waya. Unamkumbuka, ulimpa kona ya kwanza ya maisha yake wakati anasuka waya wa mabaki ya umeme na watu wanamuuliza kama anatengeneza mitego ya panya. Alikuwa amekusukia shuka. Shuka zima la waya wa shaba, lenye mikunjo ya pasi, linaloning'inia kutoka darini hadi sakafuni. Alilisuka mwaka mzima, alisema, kila siku kidogo. Alitaka liwekwe siku ya kumbukumbu yako. Tukalisimamisha, na pale katikati uzi wako ukalikata kama mtu aliyefungwa mkanda.

"Dada," akasema kwa upole, "itabidi tutoe uzi."

"Uzi hautoki."

"Basi kazi haiingii."

"Basi haiingii. Hata hivyo tunafunga."

Binti wa Waya akaanza kulikunja shuka lake, nao waya ukawa unalia kila mkunjo. Sisi wengine tulitazama sakafu. Kibanio alikuwa na sare yake ya hospitali, Kaka ana chaki mikononi. Baba alikuwa ametugeuzia mgongo, anapapasa fremu moja dirishani kana kwamba ina kasoro. Mwaka huu Baba amekuwa mtu wa maneno machache, Mama, ungemshangaa. Akauliza bila kugeuka:

"Leo nani amechoka kuliko wote?"

Kila mmoja wetu alikuwa na jibu mdomoni. Kibanio alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo, angeweza kushinda bila kusema neno. Hakunyoosha mkono. Alimtazama Dada. Kaka naye akamtazama Dada.

"Msinitazame," Dada akasema. "Mimi mzima."

Hakuna aliyeondoa macho. Kaka akalivuta benchi hadi katikati ya chumba, akalipangusa kwa mkono wa shati.

"Nikikaa hapo mstari wa Mama unatoka," Dada akasema. "Mnaelewa? Unatoka. Halafu nitabaki na nini cha kwake humu?"

Baba akageuka. "Mama yenu hakuufunga uzi ule ili ukae. Aliufunga kwa sababu siku ile aliyechoka alikuwa yeye. Sasa ameshapumzika." Akaligonga benchi kwa kiganja, kama alivyokuwa akiligonga kukuita wewe. "Kaa, mwanangu."

Dada akakaa. Alikaa kwenye ukingo kama mgeni anayeaga, kisha akarudi nyuma kidogo kidogo mpaka mgongo ukaegemea ubao wa nyuma wa benchi. Kaka akafungua ncha ya mlangoni, Kibanio ya dirishani, na uzi wako ukaanguka bila sauti. Tuliuangalia ulipoanguka. Hatukujua tungelia hivyo kwa ajili ya uzi.

Kibanio akaifuta pua kwa mkono na kusema, "Tazama mbele. Usijinyooshe." Miaka yote hiyo alikuwa anaisubiri zamu yake ya kumwamuru Dada.

Wakavuta uzi ule ule, Mama, hatukununua mwingine. Ulikuwa mwepesi, ukawa unapepea dirisha likiwa wazi, Baba akataka kizito cha kufanyia timazi, uzi wa kuning'iniza kupimia wima, apate kuweka alama ukutani. Kaka akatafuta mifukoni, akatafuta mezani, akarudi na lile kufuli jipya. Wakalifunga kwenye kipande cha uzi, likaning'inia vizuri sana. Ndiyo kazi pekee ambayo limewahi kufanya mpaka sasa.

"Haya, Dada, macho mbele," Kaka akasema.

Dada alikuwa amelala. Mchana kweupe, mikono mapajani, mdomo wazi kidogo, kama wewe ulivyokuwa ukilala kati ya pasi moja na nyingine. Kichwa kilikuwa kinashuka taratibu kuelekea kifuani. Kibanio akataka kumgusa bega. Baba akamzuia.

"Fuata macho," akanong'ona.

"Baba, macho yamefumba."

"Fuata hapo hapo."

Wakaushusha uzi. Kichwa kikashuka tena, wakaushusha tena. Kilipotulia, Baba akaweka alama kwa penseli na kupiga misumari kwa nyundo iliyofungwa kitambaa ili asimwamshe. Picha hazijawahi kutundikwa chini hivi tangu siku ile Kibanio alipoanza shule. Binti wa Waya alilazimika kulitundika shuka lake kwenye usawa huo na kuliacha litiririke sakafuni, na akasema lingekuwa limekosea kukaa namna nyingine. Mzee Rangi amekuja, amenung'unika kwamba sasa kazi zake zinatazamwa na viatu, kisha akajishusha sakafuni kwa shida, akakaa karibu na miguu ya Dada hadi jioni. Hakuna aliyemsaidia kuinuka kwa sababu hakutaka kuinuka.

Hatufungi, Mama. Tusikutie moyo kupita kiasi: si kwamba tumepata nguvu, wala wasanii hawajapanga foleni. Tumegawana siku tu, kama ambavyo tungefanya tangu mwanzo lau tungekuwa na akili. Kaka atafungua akitoka darasani. Kibanio atafungua siku zake za mapumziko, akisinzia. Siku nyingine Baba atakaa mlangoni na fremu zake. Dada amekatazwa kushika ufunguo mpaka atakapokubali kusema kwa mdomo wake kwamba amechoka. Jana alisema. Alisema kwa sauti ndogo, akiosha kikombe, na Baba akampigia makofi.

Maonyesho yanafunguliwa leo, kwa Dobi, mlango ule ule. Hatuna hotuba. Yeyote aliyesimama tangu alfajiri kwa ajili ya mambo ya watu aingie akae. Akikosa benchi, sakafu imepigwa deki.

Unakumbukwa na mume wako, fundi wa fremu, ambaye bado huligonga benchi kwa kiganja jioni na kungoja kidogo. Na binti yako mkubwa, anayejifunza kukaa. Na mwanao mwalimu. Na Kibanio wako. Na mkwe wako anayepika. Na wajukuu, ambao tumewaeleza kwamba halikushuka kutoka mbinguni. Na mdogo wako, Mama Mdogo, anayekutafuta bado kwenye simu kwa mazoea. Pamoja nao ni Mzee Rangi, ambaye shati lake tumelikuta kabatini, limepigwa pasi, na madoa yako pale pale.

Hutoki mioyoni mwetu, Mama. Tutakukumbuka kila siku, na tutakukumbuka tukiwa tumekaa.